Mwanangu, anza na neno hongo

Kongwa

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu na mtama umebeba vizuri mwaka huu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mmeanza somo la historia ya dunia, mmepewa kitabu kinene kinachoanza na binadamu wa kwanza na kuishia juzi, nawe hujui ushike nini na uache nini. Ukauliza: "Baba, mtu anaisomaje dunia nzima?" Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na swali hilo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniletea. Wao waliniuliza mwaka tu, ili waandike kwenye mtihani. Limenifurahisha mno, ndiyo maana nimeona simu haitoshi.

Dunia nzima haikaririki, mama. Nianze na neno unalolijua: hongo. Leo ukilitamka kila mtu anaelewa rushwa, fedha za kufichana. Lakini karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza hapa Ugogo, na hongo ilikuwa ushuru wa wazi. Mkuu wa msafara alimpa mtemi vitambaa, shanga au nyaya za shaba, ndipo watu wake wapite na kunywa maji. Wazungu waliopita njia hiyo, akina Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliilalamikia sana hongo ya Wagogo. Ukiwasoma wao peke yao, na ukalibeba neno kwa maana yake ya leo, utaamini babu zako walikuwa wanyang'anyi.

Sasa kumbuka korongo letu mwezi wa kumi. Umechota maji pale tangu ukiwa mdogo. Unafukua mchanga mpaka mkono unazama hadi kwapani, unasubiri maji yajikusanye, unachota kata moja, unasubiri tena. Uweke hapo msafara wa wapagazi mia kadhaa, wamekauka koo, na punda wao. Wakishaondoka, ng'ombe wa kijiji watakunywa nini? Mtemi aliyetoza alikuwa na kisima cha kulinda. Sisemi watemi wote walikuwa waungwana. Wapo waliozidisha kwa kuwa walijua msafara hauna pa kupitia pengine. Ila ukishika maandishi yoyote, ya Mroma au ya Mchina wa kale, yaulize hivyo hivyo: nani kaandika, siku ile alikuwa anataka nini, na nani alikuwepo lakini hakuwa na kalamu. Kisha mtafute huyo wa mwisho kwa njia nyingine, kwa masimulizi, kwa vigae vya vyungu, kwa jina la mahali, kwa umbo la nchi yenyewe.

Jambo la pili ni sababu, na hapa nitakaa kidogo, maana linanigusa.

Unajua habari za Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya mwisho ya Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake. Ukimwuliza mtu haraka atakwambia ulikuwa ukame. Bibi yangu aliiona akiwa msichana mdogo, na alipotusimulia jioni huku anapeta uwele, mvua hakuianza. Alianza na askari. Walikuja wa Mjerumani wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza na makaburu wa Afrika Kusini wakaiteka Dodoma, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Bibi aliyataja majeshi yote mawili kwa sauti ile ile, bila kupandisha wala kushusha. Mvua ilikuja kukosekana juu ya hapo. Watu walitawanyika kutafuta chakula, na wapo waliotoa watoto wao wakapata nafaka.

Fikiri hapo, mwanangu. Ukame Wagogo waliujua tangu zamani na walikuwa na njia za kuupita: akiba ghalani, ng'ombe wa kubadilisha kwa nafaka, vijana wa kutumwa kwa ndugu wa mbali. Vita iliondoa hizo njia kwanza. Kwa hiyo mvua peke yake haielezi Mtunya, na vita peke yake haielezi. Lazima uzipange: ipi ilikuwepo siku zote, ipi ilidhoofisha watu, ipi ikawaangusha. Ukishazipanga, fuata uzi unakotoka. Juni 28, 1914 mrithi wa ufalme wa Austria anauawa kwa risasi Sarajevo, na miaka michache baadaye mama wa Kigogo anaangalia zizi tupu. Historia ya dunia ndiyo hiyo. Haikai ng'ambo ikikusubiri.

Maofisa wa Kiingereza walikadiria kwamba njaa ile iliua Wagogo wapatao 30,000. Ukikutana na tarakimu hiyo iheshimu, kisha ujiulize aliyehesabu ni nani, na ng'ombe walichukuliwa na nani.

Kuhusu zama, nitasema machache. Kitabu chako kina "zama za kati", kipimo kilichokatwa kwa habari za Ulaya. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji mzuri wa biashara ambao haukuwa katikati ya kitu chochote cha Ulaya. Tumia mipaka hiyo kama alama za njia tu.

Na usidharau vitu vidogo. Karanga asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita ya pili, ilileta matrekta hapa Kongwa kuzilima kwa maelfu ya ekari. Udongo wetu ukikauka unakuwa mgumu kama saruji na karanga zinabaki zimeng'ang'aniwa chini, jambo ambalo mkulima yeyote wa hapa angewaeleza. Mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda. Ukipata nafasi andika insha yako juu ya hilo. Ndani yake kuna Amerika, London na shamba letu.

Ukija likizo, njoo na daftari jipya. Shangazi yangu wa Mpwapwa bado anakumbuka maneno ya bibi kuhusu Mtunya, na baadhi anayasimulia tofauti na mimi. Sijawahi kuyaandika. Tutakwenda asubuhi na mapema, kabla hajachoka. Wewe utauliza, mimi nitanyamaza.

Ni mimi baba yako.