Muulize Mama Maktaba: Vitabu vimefungiwa stoo

Swali: Shikamoo Mama. Ninafundisha Historia katika shule ya kata wilayani Sikonge. Vitabu tunavyo, vya kiada na vya ziada, lakini vimefungiwa stoo. Mkuu wa shule anahofia vikitoka havitarudi, na wathibiti ubora wakija tutakosa la kusema. Muhula huu nimekabidhiwa funguo. Nianzie wapi ili maktaba iwasaidie wanafunzi kujisomea na kutafuta maarifa?
*Mwalimu, Sikonge*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kukabidhiwa funguo.

Hofu ya mkuu wako naielewa. Kitabu ni mali ya umma, kimeingizwa kwenye leja, na kikipotea lazima maelezo yatolewe. Lakini katika miaka yote niliyosimamia maktaba za shule hapa Tabora, vitabu vilivyoliwa na mchwa au kuloweshwa na paa linalovuja ni vingi kuliko vilivyopotelea mikononi mwa watoto. Fungua boksi lililokaa sakafuni masika mawili. Kitabu cha juu utakikuta kizima, jalada linang'aa. Kiinue: chini ni udongo mtupu, na kurasa zimebaki kingo. Mwite mkuu aone boksi lenyewe, kisha umwombe ruhusa ya kuazimisha.

Basi vitoe sakafuni. Kwenu mninga upo na mafundi wapo. Rafu ya mninga mchwa hawaivamii kirahisi. Fedha zikikosekana, mbao juu ya matofali zinatosha, ila ziache nafasi ya kupitisha mkono ukutani ili uone njia ya mchwa mapema. Kupanga, fuata makundi ya Dewey, mpango wa kupanga vitabu kwa namba za mada uliotoka Marekani mwaka 1876 na ambao mwanafunzi atakutana nao tena akifika chuo: 400 lugha, 500 sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Kwa vitabu mia chache usihangaike na namba ndefu zenye nukta. Andika namba ya kundi, bandika utepe wa rangi mgongoni, basi. Daftari la kuazimia liwe na jina, kidato, namba ya kitabu, tarehe ya kurudisha na saini. Wape viranja wa maktaba walishike, utashangaa watakavyolilinda.

Hayo utayamaliza mapema. Kazi yenyewe iko kwingine, na wengi hatuifiki.

Mtoto wetu anaingia kidato cha kwanza akitoka shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili, sasa vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza. Ukimwambia akatafute jambo maktaba, anafungua ukurasa wa kwanza na kusoma mpaka achoke. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba mbele kuna yaliyomo na nyuma kuna faharasa, orodha ya maneno na kurasa yanakopatikana. Mwonyeshe wewe, ndani ya kipindi chako cha Historia, kitabu kikiwa mkononi mwake.

Mimi nilipenda kuwapa kidato cha pili swali la Reli ya Kati: ilifika lini Tabora, ilifika lini Kigoma, na ilibadilisha nini? Binti mmoja aliniletea 1905 kwa miji yote miwili. Nikamwambia alete kitabu, aweke kidole kwenye mstari, asome kwa sauti. Akasoma taratibu, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, hapa wanasema ndiyo walianza kujenga, Dar es Salaam." Nikampa kitabu cha pili, nikamfungulia nyuma. Akaipata reli kwenye faharasa, akafuata kurasa moja moja hadi akakuta 1912 kwa Tabora na 1914 kwa Kigoma. Alipomaliza kuandika akaniuliza, "Sasa wale wapagazi wa misafara walikwenda kufanya kazi gani?" Swali hilo halikuwamo kwenye zoezi, wala lisingetoka kwenye notsi za ubaoni. Tukaanza kulitafuta pamoja.

Kwa hiyo kila zoezi la utafutaji lidai vitabu viwili, na chini ya jibu mwanafunzi aandike mwandishi, jina la kitabu na ukurasa. Mwombe mwalimu wa taaluma aingize kipindi cha maktaba kwenye ratiba ya asubuhi. Ukiacha iwe baada ya masomo, wanafunzi wa kutwa wenye safari ndefu hutawaona kamwe.

Riwaya na hadithi, za Kiswahili na za Kiingereza chepesi, ziende nyumbani. Usidai muhtasari kwa kila kitabu; mtoto aachwe asome kwa kupenda. Faini naipinga kabisa. Inamfukuza yule yule asiye na kitabu hata kimoja kwao. Kitabu kikichelewa, mtume kiranja amkumbushe. Kikipotea, zungumza na mzazi.

Swali: Shikamoo Mama. Nipo kidato cha nne, Nzega. Maktaba ya shule yetu haina vitabu vya Biolojia vya kututosha. Tufanyeje?
*Mwanafunzi, Nzega*

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Kwa kuwa simu shuleni hamruhusiwi, mwombeni mwalimu wa Biolojia awafungulie sura mnayosoma kwenye kompyuta ya shule au simu yake. Mmoja asome kwa sauti, wengine wachore michoro na kuandika majina ya sehemu zake. Ukienda Tabora mjini wakati wa likizo, ingia maktaba ya mkoa ukiwa na daftari na orodha ya mada zinazokusumbua, umkabidhi mkutubi orodha hiyo mapema asubuhi.