Aliyezama ziwani: anza na pumzi, tumbo liache

Dada, umeuliza mambo mawili: kama video za simu zinatosha kujifunza kumfufua mtu, na kama mtoto aliyetolewa ziwani aminywe tumbo kwanza ili maji yatoke. Mimi ni mjitoleaji wa huduma ya kwanza hapa Goma na huwa ninawafundisha vijana wa mtaa. Naanza na la pili, maana ndilo linaloua.

Tumbo liache. Wala usimning'inize mtoto miguu juu. Nimeona hayo yakifanywa ufukweni Himbi na watu wenye nia njema kabisa, na dakika zikapotea. Ukiminya tumbo, chakula na maji vinapanda kooni na vinaweza kuingia mapafuni. Aliyezama amekosa hewa, na moyo unasimama kwa sababu hiyo. Ndiyo maana kwake tunatanguliza pumzi, tofauti na mtu mzima anayeanguka ghafla sokoni, ambaye tunaanza na kukandamiza kifua.

Kama bado yuko majini na wewe hujui kuogelea, usimfuate. Bidoni tupu ya lita 20 iliyofungwa kifuniko vizuri inaelea, mtupie aikumbatie.

Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu, muite kwa nguvu. Hajibu? Tuma mtu atafute msaada. Weka mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, kichwa kirudi nyuma. Sogeza shavu lako mdomoni pake huku macho yakitazama kifua, ujue kama anapumua, sekunde 10 zisizidi. Akitweta kwa kukatikakatika, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetoka wavuni, huko si kupumua. Hapo wengi hudanganyika, wanasema “bado anapumua” na kumwacha.

Kama hapumui, mpe pumzi 5. Bana pua, funika mdomo wake wote kwa wako, puliza kwa sekunde moja hivi mpaka uone kifua kinapanda, kisha acha kishuke. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako unafunika mdomo na pua pamoja, kichwa kinabaki sawa bila kurudishwa nyuma sana, na hewa ya mashavuni inatosha. Povu likitoka usikae kulifuta, endelea. Akitapika, mgeuze upande, safisha haraka, mrudishe.

Bado hajaamka wala hapumui? Kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, tena 30, pumzi 2. Kwa mtu mzima kifua kizame sentimita 5 hadi 6. Kwa mtoto, theluthi moja ya unene wa kifua. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, viwiko vimenyooka, na kila mara uache kifua kipande chote kabla ya kukandamiza tena. Inachosha sana, kwa hiyo pokezaneni kila dakika 2. Ukisikia mlio kama wa ubavu kuvunjika, usiache.

Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo mbichi, mfunike, na hospitali aende hata akisema yuko sawa. Mapafu yanaweza kumgeuka saa chache baadaye.

Sasa video. Zinakuonyesha mpangilio, ila mikono haijifunzi kwa kutazama. Kwenye mafunzo kijana mmoja wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), kifua kipana, alimpulizia manikini, yaani mwanasesere wa mazoezi, mpaka mashavu yake mwenyewe yakavimba, na manikini kimya. Nilimwinulia kidevu kidogo tu, kifua kikapanda. Sura aliyofanya pale, hakuna simu itakayokupa. Manikini ya namna hii ilianza kutengenezwa Norway mwaka 1960 na Asmund Laerdal kwa kazi hiyohiyo. Waulize wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wa mtaani kwenu lini wanafundisha, na uende na mama zako wadogo na vijana wanaochota maji ziwani, maana wao ndio watakaokuwa pale.

Nyongeza kwa sisi wa huku: mtoto akianguka kwenye shimo la mazuku, yaani hewa ya sumu ya volkano (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini, usishuke wala usiiname kumchukua. Ile hewa ni nzito, inalala chini, na mwokoaji anabaki humohumo. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu. Akishafika penye hewa safi, kama hapumui, naye pia ameishiwa hewa: anza na pumzi 5 zilezile.