Porthleven haikuchorwa kutoka angani

Wapo wanaodhani Porthleven, mchoro wa mji wa bandari, ulichorwa kama unavyoonekana kutoka kwenye ndege. Hapana, si picha ya kutoka angani. Mchoraji Peter Lanyon aliichora mwaka 1951, na kurusha ndege zisizo na injini alianza 1959. Hapo katikati kuna miaka minane, tazama tu tarehe kwenye maelezo ya jumba la sanaa la Tate, Uingereza, linaloimiliki. Alichofanya ni kuuzunguka mji ule wa bandari huko Cornwall, Uingereza, kwa miguu, akajenga na maumbo ya majaribio, kisha akaziweka pembe zote kwenye ubao mmoja mrefu wa kusimama. Ndiyo maana unahisi unaiona bandari kutoka juu, pembeni na mbele kwa pamoja. Mnara wa saa bado unaonekana pale juu ukitulia, kwa hiyo "dhahania" yake (uchoraji usioiga vitu kama vilivyo) si ya kutupa rangi ovyo.

Ukitaka picha zake za angani kweli, tafuta Thermal ya 1960. Hiyo ni hewa ya joto inayoinua ndege, na kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote. Mchezo huohuo wa ndege zisizo na injini ndio uliomuua, Agosti 1964, baada ya ajali.