Umepewa jengo la serikali Mji Mkongwe? Anzia Mamlaka

Kama wewe ni mtumishi wa umma na umekabidhiwa jengo la zamani la kukarabati Mji Mkongwe, Zanzibar, nenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla hujamwita mchoraji wa ramani za jengo. Mimi nilichelewa, na taasisi niliyoitumikia ikalipia michoro mara mbili.

Tuliamini kibali cha ukarabati kinachotolewa na Mamlaka ni cha watu binafsi tu. Serikali itajiombaje ruhusa? Tukatangaza zabuni, tukapata mkandarasi, ndipo tukapeleka maombi. Yakarudi na masharti: madirisha ya mbao yabaki, baraza isiguswe, saruji marufuku. Ilikuwa Mei, na mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Wiki zile sikulala vizuri.

Sharti la saruji lilinikera zaidi, mpaka fundi mmoja mzee aliponiambia, "Njoo uone, mwanangu." Akabandua plasta ya saruji iliyopigwa miaka ya nyuma. Chini yake chokaa ilikuwa imelowa na kumumunyuka, mawe ya matumbawe yametoa chumvi nyeupe. Akachomeka msumari kwenye kichwa cha boriti, ukazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Unyevu ulikosa pa kutokea, ukakaa ndani ukila. Sikubishana tena.

Kwa hiyo chokaa na boriti viandikwe kwenye hati za zabuni tangu mwanzo, pamoja na muda wake, maana chokaa haiharakishwi. Kagueni jengo pamoja na watu wa Mamlaka, chumba kwa chumba, mpige picha, na mliyokubaliana yaandikwe na kusainiwa. Maofisa huhamishwa, faili hubaki.

Ukitaka kuongeza ghorofa au kujenga jipya, kumbuka mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa lenye orodha hiyo, hutaka kuarifiwa kabla ya uamuzi usiorudishika. Bonde la Elbe la Dresden, Ujerumani, lilifutwa kwenye orodha mwaka 2009 kwa sababu ya daraja moja.

Lakini kusubiri kibali kusiwe sababu ya kulitelekeza jengo. Beit al-Ajaib, jumba la hapa Mji Mkongwe la mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Siku hiyo hiyo unayopeleka maombi, zungumza na Mamlaka kuhusu kazi za dharura: paa linalovuja lizibwe, kuta zilizopasuka ziegemezwe, na watu wasipite chini yake.