Unapopewa Majibu ya Picha Kamili ya Damu

Kipimo cha picha kamili ya damu huagizwa mara nyingi hospitalini, lakini wagonjwa wengi huondoka na karatasi ya majibu wakiwa wameambiwa tu kwamba damu iko sawa au imepungua. Baada ya kuugua upungufu wa damu, ushauri wangu ni kwamba karatasi hiyo isisomwe peke yake, bali isomwe pamoja na zilizoitangulia.

Himoglobini yangu, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ilikuwa 14.1, ikashuka hadi 13.2, kisha 12.4. Kwa kuwa Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, na chini ya 13 kwa mwanamume, majibu yote matatu yalionekana ya kawaida. Daktari aliyezipanga karatasi zangu kwa tarehe ndiye aliyeona kuwa damu inazidi kushuka, kisha akanionyesha kwa ncha ya kalamu mstari ulioandikwa MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu, ambao kwa kawaida huwa kati ya 80 na 100. Wangu ulikuwa umefika 79.

Mstari huo una thamani kubwa. Chembe zikiwa ndogo, mara nyingi madini ya chuma yamepungua, ingawa thalasemia, ugonjwa wa kurithi wa himoglobini, nayo huzifanya ndogo. Zikiwa kubwa, huenda vitamini B12 au foleti (vitamini B9) imepungua, au mtu anakunywa pombe nyingi. Kwa hiyo watu wawili wenye himoglobini sawa wanaweza kuhitaji tiba tofauti kabisa, na ndiyo maana sipendi kuona mtu akijinunulia vidonge vya kuongeza damu kabla ya chanzo kujulikana. Mimi nilipimwa feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, ikathibitika kuwa akiba imekwisha kwa sababu ya hedhi nzito.

Chembe nyeupe zikipanda mara nyingi huashiria maambukizi au uvimbe unaotokana na mwili kujikinga, lakini hazitaji jina la ugonjwa. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zikisomeka chini ya 150,000 kwa mikrolita ilhali hutokwi na damu wala huna michubuko, omba sampuli iangaliwe kwa hadubini, kwa sababu dawa inayozuia damu isigande kwenye kichupa wakati mwingine huzifanya zishikamane, na mashine ikashindwa kuzihesabu. Vilevile, alama ya kupanda au kushuka pembeni mwa tarakimu si ugonjwa moja kwa moja: viwango vya kawaida hupangwa ili viwajumuishe takriban asilimia 95 ya watu wenye afya, hivyo wachache wasio na tatizo lolote hubaki nje.

Omba nakala ya majibu kila unapopimwa, na uandike juu yake tarehe, dawa unazotumia, na kama siku hiyo ulikuwa na homa, ujauzito au hedhi.