Mama Lucy alaumiwe, lakini mzee naye aulizwe

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni mke gani wa rais tuliyemhukumu vibaya. Jibu langu ni Lucy Kibaki, mkewe Mwai Kibaki, aliyekuwa rais wetu wa Kenya, ingawa kinachonikera zaidi ni kicheko chetu. Hadi leo ukimtaja kwenye matatu au matangani, lazima mtu ainue kiganja hewani na wenzake waangue kicheko. Hata anayempeleka mtoto hospitali ya Mama Lucy kule Eastlands, Nairobi, hakumbuki kwamba mwenye jina alikuwa binti wa mchungaji wa kanisa la PCEA, msichana wa shule ya Alliance, mwalimu kwa taaluma.

Tuanze na ule mwaka 2005. Makhtar Diop, mkurugenzi wa Benki ya Dunia nchini na jirani yao Muthaiga, alikuwa na karamu ya kuaga. Muziki ukazidi, Mama akatoka kwenda kuuzima. Magazeti yakaandika. Usiku wa Mei 2 akaingia Nation Centre, jengo la gazeti la Nation, na walinzi wake, akitaka walioandika wakamatwe, akawapokonya waandishi kalamu, daftari na simu, asiondoke hadi alfajiri. Kulipokucha ilikuwa Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Hata mtunzi wa vichekesho angeona haya kulibuni hilo.

Mimi niliyaona Nakuru, kwenye hoteli ndogo karibu na steji, runinga iko juu darini ndani ya kizimba cha vyuma. Mama anamjia mpiga picha wa runinga ya KTN, mkono unapaa, picha inayumba. Hoteli nzima ikalipuka. Habari zilipokwisha, mwenye hoteli akahamisha stesheni ili tupate kuliona tena, chai zetu zinapoa. Hakucheka mtu mmoja tu, mama aliyekuwa akisukuma chapati. Alisema bila kuinua kichwa, "Mke wa mtu yuko mjini usiku kucha. Bwanake yuko wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Na hatujamjibu mpaka leo. Mwaka 2004 Ikulu ilitoa taarifa kwamba familia ya rais ni Lucy na watoto wanne, basi. Minong'ono kuhusu Mary Wambui, aliyesemekana kuwa mke wa pili, haikukoma. Machi 2009 rais akawaita waandishi, Mama akiwa kando yake, kuwatangazia kwamba ana mke mmoja tu. Hebu fikirini, mwanamke aliyeolewa kabla ya Uhuru anathibitishwa mbele ya kamera kama kitambulisho kilichopotea na kuokotwa! Hasira za mke tulizihesabu moja moja. Ukimya wa mume tukauita uungwana.

Lakini kadiri ninavyoandika, yule mpiga picha hanitoki akilini. Alikuwa kazini. Alitumwa. Aliyempiga alikuwa na walinzi wa serikali nyuma yake, na mpiga picha alipokwenda mahakamani, Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, akaisimamisha kesi. Hapo utetezi wangu unaanza kuchechemea. Uchungu wa ndoa naujua na sitaki kuubeza, ila mnyonge wa usiku ule hakuwa mke wa rais. Kofi la Jamhuri Dei 2007, pale mshereheshaji alipoteleza ulimi akamwita Wambui, nalielewa zaidi. Naye pia alikuwa kazini.

Basi mkinibana: lawama nyingi alizopata zilimstahili, nami nilipoanza kuandika sikutarajia kusema hivyo. Naondoa zile za kumwita kichaa, na zile ambazo tungezipeleka kwa mwenye nyumba kama tungethubutu. Yeye alifariki London Aprili 2016. Mzee akamfuata Aprili 2022, tukamzika kwa sifa za uchumi na elimu ya bure, na sifa hizo ni za haki. Kama alikuwa mume mwema, hilo liulizeni wiki ijayo.