Kabla hujachimba msingi wa kanisa, uliza watu wanabatizwaje

Juzi kijana mmoja wa Geita kaniandikia: "Shikamoo fundi. Nimepata kazi ya kanisa, la watu mia tatu. Tofali moja kulijenga nitoze shilingi ngapi?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Nikamuuliza, kanisa gani? Akajibu: "La Kikristo."

Nilicheka peke yangu pale saiti mpaka kibarua akageuka kunitazama. Kisha kicheko kikakata, maana mwaka 2013 na mimi ningejibu vilevile.

Nimezaliwa upande wa Bukumbi, mkoani Mwanza, ambako Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni mwaka 1883. Utotoni mwangu neno kanisa lilikuwa na sura moja tu. Altare, yaani meza ya misa, mbele, tabernakulo (kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi) na taa yake nyekundu, vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba ukutani, kitubio cha kuungamia pembeni, sakristia ya padre kuvalia. Kisima cha ubatizo kilikuwa kama bakuli juu ya nguzo, mtoto anamwagiwa maji kidogo kichwani, analia, basi. Nilipokuwa fundi nikajenga vigango vitatu, yaani makanisa madogo ya parokia, na paroko akaniamini hata hakuja kukagua. Kichwa kikavimba. Nikajiona fundi wa makanisa.

Ndipo nikaitwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi halipo, sementi inavuka kwa kivuko na wewe unashinda foleni na mifuko yako. Dhehebu silitaji, wenyewe watajijua. Ramani hawakuwa nayo. Mzee wa kanisa alichukua kijiti akachora mchangani: milango mitatu, madirisha marefu, mbele pameinuka. "Mengine wewe ni fundi, unajua."

Nilijua, kweli. Nilijua ya kwetu. Nikapandisha ngazi tatu, nikajenga jukwaa la kwaya upande wa kushoto, na kwenye ukuta wa mbele nikachonga kishubaka cha upinde ambacho mpaka leo nakiona kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Nikamwaga jamvi la zege la sakafu, nikapandisha boma la kuta, tukafika lenta, mkanda wa zege juu ya madirisha. Siku hiyo ndiyo mchungaji alikuja kwa mara ya kwanza.

Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti. Akazunguka, akagusa kishubaka, akauliza ni cha nini. Nikababaika. Akauliza: "Birika liko wapi, fundi?" Nikamwonyesha pipa la maji ya kukorogea zege. Hakucheka. Akaniambia nisimame katikati ya jamvi, akanishika mgongo kwa mkono mmoja, mwingine akanibana pua, akanilaza chali mbele ya vibarua wangu wote. Kichwa changu kikagonga ngazi ya kwaya.

"Umeona?" akasema. "Na hapa bado hujafika majini."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, nikiwa nimelala juu ya zege langu mwenyewe, kwamba kuna Wakristo wanaozamishwa mwili mzima, na nyumba yao inaanza na shimo. Birika la ubatizo tulilokubaliana lilikuwa mita 2.5 kwa 1.5, kina mita 1.1. Piga hesabu: ni lita elfu nne na ushee, yaani tani nne za maji zimekaa mahali pamoja. Linataka kitako chake chenye nondo, plasta ya kuzuia maji, ngazi za kushukia, na bomba la kutolea maji ambalo lazima lipite chini kabla jamvi halijamwagwa. Mimi jamvi nilishamwaga. Tulipasua kwa nyundo na tindo siku tatu. Mwishoni kamati ya ujenzi ikanikata shilingi 1,400,000 "za uharibifu". Uharibifu wa nani? Kijiti cha mchangani hakikuwa na birika!

Lakini hasira hazilishi watoto. Nikaanza kutembelea makanisa ya Mwanza. Jumamosi kwa Wasabato, Jumapili asubuhi kwa Walutheri au Waanglikana, mchana kwa Wapentekoste. Mama watoto alidhani nimehama dini, akaenda kumwona katekista. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma natazama kuta, sikuwa nasikiliza mahubiri, Mungu anisamehe.

Wasabato ndio walionishangaza zaidi. Kabla ya Meza ya Bwana wanatawadhana miguu, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Kwa hiyo ukiwajengea ukumbi mmoja mtupu umewanyima nusu ya ibada. Wanahitaji vyumba vya pembeni, na maji karibu. Halafu kuna Shule ya Sabato, watu wanagawanyika madarasa madarasa. Usipoweka nafasi wataishia chini ya mwembe. Mwembe si mbaya, lakini masika je?

Kwa Walutheri niliona madhabahu na mimbari vimepewa heshima zote mbili, na ubatizo ni wa maji kidogo kama kwetu. AIC, yaani Africa Inland Church, wanazamisha. Wapentekoste nao wanazamisha, wengine wanakwenda ziwani moja kwa moja, birika la bure lisilokauka, ingawa mamba nao wapo. Kwao neno madhabahu maana yake ni jukwaa zima, na spika, kinanda na mhubiri anayetembea. Ukisimamisha nguzo katikati ya ukumbi, mhubiri atapotea nyuma yake kila dakika mbili. Wanataka uwazi, na uwazi ni kenchi za chuma za kubebea paa, na kenchi za chuma ni kuzifunga kweli kwenye mkanda wa zege. Upepo wa ziwa hauna dhehebu. Waorthodoksi, ambao nao wapo hapa Mwanza, mbele ya altare wanaweka ukuta mzima wa picha takatifu. Ukiacha pale mbele pawe peupe, hujamaliza kazi.

Hata kwetu Wakatoliki nilikuwa nabahatisha. Nilidhani kanisa kuu ni kanisa kubwa. Kumbe ni lile lenye kiti cha askofu, kama Epifania pale Bugando. Likiwa dogo kama kibanda lakini kiti kipo, ndilo kuu. Na zile altare za zamani zilizoegemea ukuta ni za wakati padre aliposali amewapa watu mgongo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa 1962 mpaka 1965, altare zikasogezwa mbele ili aweze kuwaelekea watu. Kile kishubaka changu nilikiiga kwenye altare hizo za ukutani, basi hata paroko wangu asingekihitaji pale. Nilikuwa najenga kumbukumbu za bibi yangu.

Nenda Bujora, pale Kisesa. Kanisa la mviringo, umbo limetoka kwenye nyumba ya Kisukuma. Padre David Clement, Mkanada, hakuleta picha ya kwao akasema nijengeeni hii. Alitazama watu wa pale wanaishi vipi. Ninyi vijana wa leo mnaletewa picha ya simu, kanisa la Marekani lina vioo mpaka juu, mnasema inawezekana mzee, mnachukua malipo ya awali. Acheni. Uliza wanabatizwaje. Uliza wanashirikije Meza ya Bwana. Uliza nani anasimama wapi. Kama huwezi kuuliza, kaa ibada nzima ukiangalia, na ukishaangalia uliza tena. Na mwenye kauli ya mwisho aje kabla ya msingi, siyo siku ya lenta, na aweke saini.

Bei ya tofali? Kijana, bei utaijua. Wenzako wa Geita wanatoza ngapi? Toza hivyo.

Mwezi uliopita kanisa nililojenga Igoma liliwekwa wakfu. Wakashukuriwa wafadhili, kwaya, kamati ya chakula, na dereva aliyeleta viti. Fundi nilikuwa nimesimama mlangoni na shati jipya. Hakuna aliyenitaja. Ila wakati wa ubatizo maji yalikaa mstari sawasawa, hakuna tone lililovuja, na mama mmoja mrefu kuliko mimi akazamishwa na kuinuliwa bila kichwa kugusa chochote.

Na wewe mchungaji wa ng'ambo, kama unasoma hapa, ile 1,400,000 bado naidai. Namba yangu ya simu sijabadilisha.